Huu ushirikiano wa benki kuu tunaosifiwa kila siku ni wa nani hasa?

Ndugu wanajukwaa,

Nimechoka kusoma taarifa zinazousifu ushirikiano wa benki kuu kana kwamba ni mwavuli wa dunia nzima, ilhali mvua inaponyesha kwelikweli wanaojikinga chini yake ni walewale.

Ugomvi wangu uko kwenye dola. Soko likiingiwa na hofu, dola huadimika hata kwa benki yenye mali ya kutosha, na benki kuu ya nchi yake haiwezi kuzichapa. Kwa sababu hiyo, Desemba 2007 ulianzishwa mpango wa kubadilishana sarafu: Benki Kuu ya Marekani huipa benki kuu mwenzake dola na kupokea sarafu ya mwenzake kwa bei ya siku hiyo, kisha muda ukifika kila mmoja hurudishiwa chake kwa bei ileile, na aliyekopa dola hulipa riba. Mabenki yatakayokopeshwa dola hizo yakishindwa kulipa, hasara ni ya benki kuu ya kwao, si ya Marekani.

Mpango ni mzuri, sibishi. Walioingizwa ndio wanaonikera. Mwaka 2008 walifika 14, wanne kati yao (Brazili, Meksiko, Korea Kusini na Singapore) wakiwa na ukomo wa dola bilioni 30 kila mmoja, huku kanda ya euro, Uingereza, Uswisi na Japani zikiondolewa ukomo kabisa. Mwaka 2013 watano wakafanywa wa kudumu. Ilipofika Machi 2020, janga likiwa limetikisa kila soko duniani, wakaongezwa tisa wa muda, na ukiijumlisha orodha hiyo unapata majina yaleyale 14 ya 2008. Hakuna benki kuu ya Afrika hata moja.

Wengine tulifunguliwa dirisha la pembeni: leta hatifungani za serikali ya Marekani (hati za deni lake), upewe dola. Yaani anayekopeshwa ni yule aliyekwisha kuweka akiba yake Marekani!

Kwenye kanuni, hata hivyo, hatusahauliki. Kamati ya Basel, inayotunga kanuni za kimataifa za kusimamia mabenki, ilizaliwa baada ya benki ya Herstatt ya Ujerumani kufungwa tarehe 26 Juni 1974, alasiri kwa saa za huko, wakati New York ilikuwa bado asubuhi. Waliokwisha kuilipa mark, sarafu ya Ujerumani ya wakati huo, wakabaki wanasubiri dola za kulipwa New York ambazo hazikuja. Kanuni za mtaji zilizofuata mwaka 1988, zile zinazotaka benki iwe na mtaji usiopungua asilimia 8 ya mali zake zilizopimwa kwa hatari, kisheria hazimbani mtu, lakini zimeenea hadi kwa nchi ambazo hazikuwa na kiti mezani zilipoandikwa.

Najua nitajibiwa kwamba Benki Kuu ya Marekani inawajibika kwa Bunge lake, na kwamba asiye na mpango huo aende Shirika la Fedha la Kimataifa. Sawa, lakini huko mkopo una masharti na mazungumzo marefu, wakati dola za kubadilishana hutoka haraka bila kuulizwa bajeti yako. Aisilandi iliiomba Marekani mpango huo wa kubadilishana mwaka 2008, ikakataliwa, na Novemba ikawa kwenye mlango wa Shirika hilo. Ninachodai ni kimoja: vigezo vya kuingia kwenye orodha hiyo viandikwe na kutangazwa, ili anayekataliwa ajue amekosa nini.