MJADALA: Mwanafunzi wa sheria afundishwe kupatanisha watu kwa lazima, au hiyo kazi tuwaachie wazee wa kata?

Wakuu habari za muda huu. Kuna hoja naisikia sana kwa mawakili, hasa wa zamani, kwamba kumfundisha mwanafunzi wa sheria usuluhishi na mbinu za majadiliano ni kumpotezea muda, wakili kazi yake iko mahakamani, kupatanisha waachiwe wazee, mashekhe na wachungaji. Mimi nakataa, tubishane.

Tuanze na sheria yenyewe. Katiba yetu ya Tanzania ibara ya 107A(2)(d) inaitaka mahakama ikuze usuluhishi, na kesi za madai zimeanza kupitishwa huko tangu 1994. Ukiachishwa kazi unaenda CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ya migogoro ya kazi), msuluhishi ana siku 30 kabla mambo hayajaenda kwenye uamuzi. Mwaka 2021 mabaraza ya kata yakanyang'anywa nguvu ya kuamua migogoro ya ardhi, yamebaki kupatanisha tu, na bila karatasi yao kwamba imeshindikana, au siku 30 kupita bila suluhu, baraza la ardhi la wilaya halikusikilizi. Yaani karibu kila unakopita kudai haki lazima kwanza ukae mezani muongee, alafu tunamtoa kijana chuo na GPA yake nzuri hajawahi hata siku moja kuambiwa "haya, hawa wawili wamegombana, wapatanishe".

Matokeo yake ndo haya, wakili anaingia kwenye usuluhishi bila mteja, hana idhini ya kukubali hata shilingi mia, anasubiri tu iandikwe umeshindikana waende kwenye ushahidi. Mteja kule nyumbani hajui hata kama upande wa pili ulikuwa tayari kulipa kwa awamu.

Na msidhani ni mambo ya mipaka ya mashamba tu. Ule mgogoro wa mradi wa nikeli wa Ntaka Hill, kampuni ya Indiana Resources ilishinda kesi ya kimataifa mwaka 2023, Tanzania ikaamriwa iilipe zaidi ya dola milioni 109, mwaka uliofuata kampuni ikakaa na serikali wakamalizana kwa dola milioni 90. Hiyo tofauti ilipatikana kwa watu kukaa na kuongea, na ni hela ya walipa kodi hiyo.

Sasa najua kuna mtu atanirushia matokeo ya 2022 ya Law School (chuo anachopita mhitimu wa sheria kabla ya kuwa wakili), watu 633 wakafanya mtihani na 26 tu ndo wakafaulu moja kwa moja, eti watoto wenyewe wanazama we unawaongezea mzigo. Hoja nzito, sibishi. Ila sisemi tuongeze kitabu kingine cha kukariri, nasema wakakae baraza la kata, wakae CMA waangalie, waandike hati ya makubaliano ambayo kesho mtu akikaidi inaweza kukazwa na mahakama. Mashindano ya kesi za kuigiza tunayapenda sana (suti, "Mheshimiwa Jaji", picha za kutupia status), lakini lini mliona mashindano ya kupatanisha mama mjane na shemeji zake wanaogombania nyumba?

Hoja inayonisumbua kweli ni ya wanyonge. Dada wa kazi akikalishwa na bosi wake wapatane, hapo ataambiwa chukua hii elfu hamsini tuyamalize, na atachukua kwa sababu nauli ya kurudi kwao hana. Ila mi naona hiyo ndo sababu ya kufundisha zaidi, msuluhishi aliyefundwa anajua kuwatenganisha akaongea na kila mmoja pembeni, na anajua pa kusema hili halipatanishwi, liende mbele. Mzee wa busara wa mtaa mara nyingi anataka tu amani irudi, nani kaumia hilo haliulizi.

Ninapokwama ni kwenye walimu. Mhadhiri ana PhD lakini hajawahi kusuluhisha hata wapangaji wawili, na yule mstaafu aliyesuluhisha migogoro ya kazi miaka na miaka hana hata masters, chuo hakimpi darasa. Nyie mngempa nani somo hili?