Mjadala: Ayalandi na Australia wairudishe ile mechi yao ya mpira mchanganyiko au iachwe ife?

Wadau habari zenu. Niko Perth miaka kadhaa sasa na saiti ninayofanya kazi nusu ya mafundi ni Waayalandi, kwahiyo hii hoja naisikia kila mwaka ikifika mwezi wa kumi, watu wanagawanyika pande mbili kama Simba na Yanga. Nimeona niilete hapa kwa Kiswahili tuichambue.

Kwa ambao hawajawahi kuiona: Ayalandi wana mpira wao wa Kigaeli, wa duara, unadaka kwa mikono na kupiga kwa mguu, uwanja wa mstatili. Australia nao wana wao, mpira wa umbo la yai, uwanja nao wa umbo la yai, mkubwa sana, na unaruhusiwa kumkamata mtu mwenye mpira ukamwangusha chini. Kila mmoja na mchezo wake na hana wa kucheza naye nje ya nchi. Mwaka 1967 Harry Beitzel, mtangazaji wa mpira wa Australia, akachukua vijana wa Australia mpaka Dublin wakacheza na timu ya kaunti ya Meath, mabingwa wa Ayalandi mwaka ule, wakawapiga nyumbani kwao pale Croke Park, uwanja mkuu wa Dublin, mwaka uliofuata Meath wakaja huku kulipa kisasi. Ikazaa mashindano rasmi 1984. Sheria wakagawana, mpira wa duara, uwanja wa mstatili na golikipa vya Ayalandi, kukamatana kwa mwili na ile ya kudaka mpira uliopigwa mguu ukapewa pigo huru ni vya Australia. Mpira ukiingia nyavuni pointi 6, ukipita juu ya mwamba kati ya nguzo mbili za katikati pointi 3, ukipita pembeni 1. Kawaida wanacheza mechi mbili wanajumlisha pointi.

Mara ya mwisho ni 2017, Australia walishinda zote mbili lakini kwa kubanana, jumla 116 kwa 103, ya pili hapa Perth ilikuwa 53 kwa 50. Ya 2020 ikafutwa na korona. Sasa irudi au isirudi?

Mimi nasema irudi, na sababu yangu kubwa sio burudani. Mchezaji wa mpira wa Kigaeli hana timu ya taifa. Hebu lifikirie hilo kidogo. Wewe ni bora kuliko wote nchini, umejaza Croke Park watu 82,000, na jezi ya juu kabisa utakayovaa maisha yako yote ni ya kaunti yako, Kerry, Mayo, Tyrone, basi. Na halipwi! Hawa ni wachezaji wa ridhaa, Jumapili yuko fainali, Jumatatu asubuhi ni mwalimu yuko darasani au fundi umeme yuko juu ya ngazi. Kama vile ndondo za kwetu, unacheza kwa sababu ni nyumbani. Hii mechi ndiyo nafasi yake ya kuvaa jezi ya Ayalandi na kusikia wimbo wa taifa unapigwa kwa ajili yake. Kombe lenyewe lina jina la Cormac McAnallen, kapteni wa Tyrone aliyefariki 2004 akiwa na miaka 24. Jamaa mmoja wa Kerry hapa kazini, mzee mtu mzima, akiongelea hii jezi sauti inabadilika kabisa.

Wanaopinga wana hoja na sizidharau. Ya kwanza ni fujo. 2006 Croke Park, watazamaji 82,127, Graham Geraghty wa Ayalandi alikamatwa akaangushwa akapoteza fahamu akatolewa kwa machela, na ngumi zilirushwa mbele ya watoto, ikabidi mashindano ya 2007 yafutwe. Ile ilikuwa aibu, hakuna lugha nyingine. Ila waliporudi 2008 sheria zilikazwa na mechi zilichezwa, kwahiyo tatizo linatibika, refa akiwa na meno watu wanatulia.

Ya pili ni kwamba Australia hawako siriasi. Hapa nakubali kwa uchungu. 2013 walipeleka kikosi cha wazawa asilia watupu, wazo zuri sana na la heshima, lakini wakapigwa jumla 173 kwa 72. Mwaka mwingine wanaleta mastaa wanashinda, mwaka mwingine hawana habari. Ukimwalika mtu ngoma halafu wewe mwenyewe usicheze unamdharau.

Ya tatu, kwamba AFL, ile ligi kuu ya Australia, wanatumia hii kuiba vijana. Jim Stynes aliondoka Dublin kijana wa miaka 18, mwaka 1991 akachukua medali ya Brownlow, ile ya mchezaji bora wa ligi. Tadhg Kennelly akabeba ubingwa na Sydney 2005 halafu akarudi kwao akabeba na Kerry 2009. Kaunti ndogo ikipoteza kijana mmoja wa namna hiyo inaumia miaka kumi, naelewa. Lakini maskauti walikuwa wanamchukua Stynes mwaka huohuo 1984 mashindano yanaanza, na hii miaka yote hayachezwi vijana bado wanapanda ndege. Ukiua mechi hujafunga mlango.

Na hapa ndio nataka mnijibu hasa. Mbona hakuna anayetaja wanawake? Wao wamecheza mara moja tu, 2006, mechi ya kwanza Ayalandi wakashinda 134 kwa 15, watu wakasema hakuna ushindani na ikaishia hapo. Kumbuka wakati ule Australia haikuwa na ligi ya taifa ya wanawake, imeanza 2017. Msimu wa 2024 walikuwepo wasichana wa Ayalandi zaidi ya 30 kwenye hiyo ligi, wanajua michezo yote miwili ndani nje, Ailish Considine alishabeba ubingwa na Adelaide 2019, Orla O'Dwyer na Brisbane 2021. Wakigawanyika wakavaa jezi ya kwao dhidi ya wenzao wanaofanya nao mazoezi kila siku, hiyo mechi itakuwa ya moto kuliko ya wanaume.

Kwahiyo msimamo wangu, irudi, na ianze na wanawake, mechi ya kwanza Croke Park, ya pili hapa Perth. Anayepinga karibu, ila asiniletee tena ngumi za 2006, aniambie yule mchezaji wa Kerry au Mayo jezi ya nchi yake ataivalia wapi.