Tupeane uzoefu: filamu ya mashetani iliyokunyima usingizi, na nyumbani walikutuliza vipi

Assalam alaikum wana Lamu na Malindi, na wengine wote hamjambo.

Jana nimeikumbuka The Exorcist, ile ya mwaka 1973, ya binti wa Kimarekani aliyepagawa na pepo na mapadri wawili wakaja kumtoa. Niliiona nikiwa na miaka 13, mtaa wa Langoni hapa Lamu, katika chumba chenye deki moja ya video na mabenchi manne. Wengi huogopa pale kichwa cha yule binti kinapogeuka nyuma. Mimi niliogopa mapema zaidi. Filamu inaanzia Iraki, na mwanzoni kabisa unasikia adhana. Nilidhani pepo atakuwa wa huko mbali, Marekani kwa mapadri, kumbe anafukuliwa kwenye ardhi inayoadhiniwa kama yetu.

Nikafika nyumbani natetemeka. Bibi hakunigombeza. "Ndoo, fumba mato," akaniambia, akafukiza ubani, akanisomea Ayatul Kursiyu mkono wake uko kichwani kwangu. Asubuhi nikanyweshwa kombe: aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa marashi ya waridi.

Ukubwani ndipo nilipojua kuhusu kile kichwa kidogo cha jiwe anachokipata Padri Merrin, yule padri mzee, machimboni. Ni cha Pazuzu, pepo wa upepo wa watu wa kale wa Ashuru na Babeli. Wajawazito walivaa sanamu zake ziwakinge na Lamashtu, pepo aliyewaandama watoto wachanga. Hirizi kabisa! Filamu imemwonyesha kwa ubaya wake tu, na hilo linaniuma mpaka leo.

Haya, nawe ilikukuta wapi? Nani alikutuliza?

Bint Mkomani: Shangazi yangu alikuwa na pepo, na sisi watoto tulilala naye chumba kimoja bila hofu. Akipandwa, mganga humkabili kwa upole: wewe nani, watoka wapi, wataka nini? Pepo alitaka kanga nyekundu na udi. Akapewa, akatulia, shangazi akaamka akaomba maji. Sasa kwenye filamu yule padri mzee anamwonya mwenzake asizungumze na pepo. Nililia. Kwetu mazungumzo ndiyo dawa yenyewe.

Mwalimu wa chuo: Dada yangu, kumpa pepo anachotaka ni kumtii, na hiyo ni hatari kwa imani. Fatiha, Ayatul Kursiyu, zile sura mbili za Qul-audhu, basi. Hapo namuunga mkono padri mzee.

Mtu wa Malindi: Naomba niseme na mimi. Mdogo wangu alikuwa akianguka na kutoka povu. Tulimpunga miaka miwili, ngoma, mafusho, mbuzi wawili. Kila akianguka tuliambiwa pepo hajaridhika. Yule mama wa kwenye filamu alianza na madaktari, binti akapigwa picha za ubongo, ndipo akawaendea mapadri. Sisi tulianza mwisho. Daktari alisema ni kifafa, akampa vidonge vya kumeza kila siku. Kuanguka kukapungua, kisha kukaisha. Mama hajaacha kumsomea, kila usiku, na sitaki aache. Lakini ile miaka miwili, jamani, na yale makovu ya moto wa jikoni mkononi mwake.

Bint Mkomani: Pole sana kaka. Hajambo sasa?

Mtu wa Malindi: Hajambo, alhamdulillahi. Kaoa mfungo sita huu uliopita. Vidonge mkewe ndiye anayemkumbusha.