Je, kazi za kila siku zinaweza kunifunza uwekaji hesabu?

Mvukaji wa Likoni:
Assalamu alaykum, ndugu zangu. Mimi ni karani wa ghala katika duka la vifaa vya ujenzi mjini Mombasa, na nyumbani kwangu ni Likoni, kwa hivyo siku yangu huanza na kumalizikia kwenye feri. Mwenye duka ameniambia kwamba mweka hesabu wetu ataondoka mwishoni mwa mwaka, na kwamba nikiijua kazi yake ipasavyo, nafasi hiyo itakuwa yangu. Nilijiandikisha darasa la jioni nikaacha katika wiki ya tatu, kwani nilikuwa nikifika nyumbani watoto wamekwisha kulala. Nimebaki na kitabu kimoja, nacho kila nikikifungua usiku husinzia kabla ya kumaliza ukurasa. Je, inawezekana mtu ajifunze fani kama hii ndani ya shughuli zake za kawaida, yaani kule kuvuka, kununua, kupika na kuhesabu bidhaa? Kama inawezekana, nianzie wapi?

Mama Mahamri, Kisauni:
Wa alaykumu salaam, mwanangu. Mimi sikusoma hesabu za biashara popote. Nimefunzwa na mahamri na mbaazi ninazouza asubuhi. Kwa miaka mingi faida yangu ilikuwa zile pesa zilizobaki kwenye bakuli biashara ikiisha. Mwezi mmoja wa Ramadhani niliamua kuandika kila kitu, unga, nazi, sukari, hamira, iliki, mafuta na hata mkaa, nikagundua kwamba chapati za nyumbani kwangu zilikuwa zikitoka katika gunia la biashara, na mimi nilikuwa nikilaumu bei ya unga. Tangu siku hiyo nyumba hununua unga kwa biashara kama mteja mwingine yeyote. Mpwa wangu aliyesomea uhasibu aliniambia kwamba hilo ni somo wanalofundishwa mwanzo kabisa, kwamba biashara na mwenyewe ni watu wawili. Anza na jikoni lako.

Mwalimu Mstaafu, Changamwe:
Nakubaliana na Bi Mahamri, nami naongeza namna ya kuandika. Kila shilingi inayotoka mahali huingia mahali pengine, na ndiyo maana huandikwa mara mbili. Ukinunua mkaa kwa fedha taslimu, upande wa kushoto andika gharama ya mkaa, upande wa kulia andika fedha taslimu, kwa kiasi kilekile. Ukiuchukua kwa mkopo, upande wa kulia utaandika jina la muuza mkaa badala ya fedha. (Luca Pacioli, mtawa wa Kiitalia, alichapisha maelezo ya utaratibu huu huko Venice mwaka 1494, na wafanyabiashara walikuwa wakiutumia kabla yake.) Jioni ukiwa kwenye feri, jaribu kuyakumbuka matumizi yote ya siku na pande zake mbili bila kutazama chochote, kisha ukifika ng'ambo fungua ujumbe wa M-Pesa ulinganishe. Kule kukumbuka kwanza ndiko kunakofunza, kwa maana kusoma jibu ambalo hukulitafuta ni kupoteza macho.

Wala usijilaumu kwa zile wiki tatu. Watafiti wa University College London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijijengea zoea jipya, na katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 ilionekana kwamba zoea lilichukua wastani wa siku 66 kukomaa, wengine wakihitaji siku 18 tu na wengine wakikadiriwa kuhitaji hadi 254. Kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Wewe uliacha karibu na siku ya 21.

Fundi Cherehani, Majengo:
Kwa heshima zote, Mwalimu, naona jambo moja limesahauliwa. Mimi nilishona kanzu miaka sita nikikata kwapa fupi, na kwa kuwa nilifanya hivyo kila siku, nilizidi kuwa mwepesi wa kukosea. Aliyenitoa humo ni fundi mzee aliyeinua mkono wa kanzu yangu mbele ya mteja. Mazoea humpa mtu kasi, lakini hayamwonyeshi kosa lake. Dada yetu ana bahati kwamba mweka hesabu wao bado yupo, basi amwombe atazame ukurasa mmoja tu wa daftari lake kila Ijumaa, na amwachie akosoe kwa kalamu nyekundu.

Mvukaji wa Likoni:
Nawashukuru nyote. Mweka hesabu amekubali, ingawa alicheka kuona nimeanza na nyanya na nauli ya matatu. Kwenye feri waendao kwa miguu hawalipi, kwa hivyo hapo sikuwa na la kuandika. Tatizo ni kwamba jana nilipolinganisha, fedha mkononi zilipungua shilingi 70 na sikumbuki kabisa zilikokwenda. Mwalimu, hizo zinaandikwa wapi?

Mwalimu Mstaafu, Changamwe:
Upande wa kulia ni fedha taslimu, kama kawaida. Upande wa kushoto zipe ukurasa wake peke yake, zikae humo kwa muda hadi utakapokumbuka, kisha uzihamishie panapostahili. Wahasibu wa makampuni makubwa nao wana ukurasa kama huo. Waulize watoto kwanza.