Maikrofoni ya kurekodia masimulizi ya video nyumbani: nichague ipi kwa chumba cha bati, Ujiji?

Mkazi wa Ujiji

Ndugu wanajukwaa, asalaam aleikum na habari za jioni.

Kwa miezi minane sasa nimekuwa nikiandaa video fupi zinazosimulia historia ya ziwa letu na ya reli inayoishia hapa Kigoma. Kwa upande wa picha sina shida. Kinachonisumbua ni sauti. Chumba ninachorekodia kina kuta za matofali ya kuchoma zilizopigwa lipu, sakafu ya saruji na paa la bati lisilo na dari. Hatua chache kutoka dirishani ipo mashine ya kusaga, na bodaboda hupita mpaka usiku.

Mwezi wa tatu nilinunua maikrofoni ya kondensa, aina yenye usikivu mkubwa, katika duka moja mjini, ile inayouzwa pamoja na mkono wa chuma wa kufunga mezani na sponji yake. Muuzaji alinihakikishia kwamba nikiichomeka kwenye tundu dogo la sauti la kompyuta ingefanya kazi bila kitu kingine. Sauti ilitoka hafifu mno, na nilipoikuza kwenye programu nikasikia mashine, jogoo wa jirani na mvumo kama wa nyuki kuliko ninavyojisikia mwenyewe. Tena, nikisoma sentensi inayosema kwamba meli ya Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, kila "p" ya jina hilo hulipuka kama mtu anayepuliza moto.

Nimeweka akiba ya shilingi laki tatu. Mmoja amenishauri ninunue kondensa kubwa zaidi pamoja na kifaa cha kuiunganisha na kompyuta, na mwingine amenishauri nibandike trei za mayai ukutani. Kabla sijatoa fedha hii, naomba mawazo ya waliokwisha kupita njia hii.

Fundi Mitambo, Isevya

Wa aleikum salaam, kijana wangu. Nilifanya kazi katika vyumba vya kurekodia redio kwa miaka mingi kabla ya kustaafu hapa Tabora, na ningeomba laki tatu hizo zikae mfukoni wiki moja zaidi.

Nianze na maikrofoni uliyonayo. Kondensa yenye plagi ya pini tatu, yaani XLR, kwa kawaida huhitaji umeme wa volti 48 unaotoka kwenye mikisa (mashine ya kuchanganyia sauti) au kwenye kifaa cha kuunganishia na kupita katika waya ule ule wa sauti, ilhali tundu dogo la kompyuta hutoa volti chache tu. Yaelekea haikuwa mbovu, bali ilikosa umeme wake, na muuzaji hakukutendea haki kwa kutokueleza hilo.

Jambo la pili ndilo ninalolitilia mkazo kuliko yote, nalo ni umbali. Kila unapopunguza kwa nusu umbali kati ya mdomo na maikrofoni, sauti yako inayoifikia hupanda kwa takriban desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha nguvu ya sauti), lakini mlio wa mashine na mwangwi wa chumba hubaki pale pale. Ukitoka sentimita 40 ukasogea hadi sentimita 10, umepunguza nusu mara mbili, kwa hiyo umejipatia desibeli 12 bila kutoa hata senti moja. Hakuna maikrofoni ya laki tatu wala ya milioni tatu itakayokupa nafuu hiyo ukiwa umeketi mbali nayo.

Kuhusu chumba, simama katikati upige kofi moja kali, kisha usikilize. Ukisikia mlio unaotetemeka kati ya kuta, huo ndio unaoharibu masimulizi yako. Trei za mayai hazitauondoa, kwa kuwa ni karatasi nyepesi inayopunguza kidogo sauti za juu na kuziacha za kati na za chini kama zilivyokuwa. Kinachomeza sauti ni kitu kinene chenye nyuzi au sponji ndani yake: godoro, blanketi nzito, kabati la nguo lililoachwa wazi. Wengi hutundika kitambaa nyuma ya maikrofoni na kudhani wamemaliza, wakisahau kwamba maikrofoni inayosikiliza upande wa mbele imewaelekea wao na ukuta ulio nyuma yao. Kwa hiyo simamisha godoro nyuma ya mgongo wako kwanza.

Kwa hali uliyoieleza, mimi ningenunua maikrofoni ya dainamiki, aina yenye usikivu mdogo, iliyo na USB na XLR kwa pamoja, kama Samson Q2U au Audio-Technica ATR2100x-USB. Leo utaichomeka moja kwa moja kwenye kompyuta. Siku ukipata mikisa, utaitumia hiyo hiyo. Zote mbili zina tundu la hedifoni, na hilo si pambo, kwa sababu utajisikia wakati ule ule unaporekodi na kugundua kasoro kabla hujamaliza ukurasa mzima.

Mama Somo, Gungu

Naomba niongeze kwa wasio na laki tatu. Mimi hurekodi masomo ya baiolojia kwa wanafunzi wa sekondari, na kwa miaka miwili nimetumia maikrofoni ndogo ya kubana kwenye nguo, BOYA BY-M1, nikiichomeka kwenye simu. Waya wake una urefu wa mita 6, na ina swichi ya kuchagua simu au kamera. Naibana upana wa kiganja kimoja chini ya kidevu, na sauti hutoka safi hata nikigeuka kuandika ubaoni.

Ila niseme ukweli wote: maikrofoni hii husikia pande zote kwa usawa. Mvua ikianza kupiga bati nafunga kazi, maana hapo hakuna la kufanya. Pia mwenye simu isiyo na tundu la duara atahitaji adapta.

Nina swali kwa mzee wetu wa Isevya. Nimesikia mara nyingi kwamba dainamiki haisikii kelele za mbali. Je, ni kweli?

Fundi Mitambo, Isevya

Ni kweli nusu, mama, na ninafurahi umeliuliza. Dainamiki haina uwezo wa kubagua kelele ya mbali na sauti ya karibu. Usikivu wake ni mdogo, hivyo humlazimisha msomaji aisogelee, na ule ukaribu ndio unaoizidi kelele nguvu. Ukiiweka dainamiki mita moja kutoka mdomoni kisha ukakuza sauti, mashine ya kusaga itarudi yote. Kondensa nzuri iliyosogezwa karibu katika chumba tulivu hutoa sauti yenye undani zaidi, lakini chumba cha ndugu yetu si tulivu.

Na kuhusu Papenburg: usiielekeze maikrofoni katikati ya mdomo. Isogeze pembeni, karibu na kona ya midomo, ikitazama mdomo kwa mshazari, ili pumzi ya "p" na "b" ipite mbele yake. Kiswahili kina maneno mengi ya namna hiyo, kuanzia "pwani" hadi "Mpanda", na msimulizi asiyelijua hili huishia kuilaumu sponji.

Mkazi wa Ujiji

Shikamoo mzee wangu, na ahsante sana, Mama Somo.

Nimerudi baada ya siku tisa. Sikununua chochote kwanza. Nilisimamisha godoro nyuma yangu, nikatundika mablanketi mawili kwenye kamba upande wa dirisha, nikasubiri mpaka saa tano usiku mashine ilipofungwa, kisha nikatumia simu peke yake, nikiwa nimeiweka juu ya vitabu kiasi cha shubiri moja kutoka mdomoni na kwa mshazari. Nikasoma kwamba meli ilizamishwa mwaka 1916, ikaopolewa mwaka 1924, na kurudi kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba. Nilipolinganisha na rekodi ya zamani, mke wangu aliuliza kama nimekwenda kurekodia studio.

Sasa nimeagiza Q2U kupitia mfanyabiashara anayeleta mizigo kutoka Dar es Salaam. Naomba neno la mwisho kuhusu viwango nitakavyoviweka kwenye programu ikifika.

Fundi Mitambo, Isevya

Marahaba, mwanangu. Kwenye kiwango cha sampuli za sauti weka kilohezi 48, kwa kuwa ndicho kiwango cha kawaida cha video. Soma sentensi yako yenye nguvu kuliko zote, kisha rekebisha mpaka kilele chake kiguse karibu na desibeli 12 chini ya sifuri, ambayo ndiyo kikomo cha juu cha kipimo cha programu; ikigonga sifuri, vilele vya sauti hukatwa na sauti hukwaruza, wala hairekebishiki. Kabla ya kila kipindi nyamaza kwa sekunde tano huku ukirekodi, kwa sababu Audacity, programu ya bure ya kurekodi na kuhariri sauti, huutumia ukimya huo kuutambua mvumo wa chumba na kuupunguza. Uupunguze kidogo tu, maana ukizidisha, sauti yako itasikika kama inatoka ndani ya mtungi.