Sabufa inanguruma, spika moja imekufa: nianzie wapi? (kidato cha tano, PCM)

mtahiniwa_PCM

Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu.

Nipo kidato cha tano, PCM, shule ya kutwa. Nina sabufa ya Kichina ya 2.1, wufa moja na spika ndogo mbili. Ukiiwasha inatoa "mmmm" hata kama hakuna muziki, na spika ya kushoto haitoi kitu. Nimeifungua: transfoma imeandikwa 12-0-12, kuna kapasita mbili kubwa za 2200µF 25V, na aisii tatu za TDA2030A (chipu za kukuza sauti) zimefungwa kwenye bati moja la kupozea.

Nina malitimita ya DT830, pasi ya kulehemu ya wati 40 na bajeti ya elfu ishirini na tano. Je, nibadilishe kapasita halafu nione, au kuna kipimo cha kufanya kwanza? Mwenzangu darasani anasema ning'oe bodi yote niweke ya TPA3116 (chipu nyingine ya kukuza sauti) na chaja ya laptop. Mtihani wa muhula uko karibu, nina Jumamosi mchana tu, kwa hiyo sitaki kazi ya kubahatisha.

fundi_wa_kona

Dogo, kabla ya kapasita, taa. Chukua holda na balbu ya zamani ya wati 60, ile ya waya unaowaka ndani. Ya LED haifai, na ya enaji seva haifai. Iunge kwa mfululizo kwenye waya mmoja wa umeme unaoingia kwenye sabufa. Ukiwasha, balbu iwake mara moja kisha ififie. Ikibaki inawaka kwa nguvu, ndani kuna shoti, zima. Bila hiyo balbu, shoti italipiwa na fyuzi au transfoma, na transfoma ndiyo kitu ghali kuliko vyote humo ndani.

Miguu ya swichi ya umeme ndani ya sabufa nyingi iko wazi kabisa. Ina volti 230. Ifunike kwa tepu ya umeme, plagi ikiwa nje, kabla hujapima chochote. Na kama fyuzi imeungua, usiizungushie karatasi ya sigara kama wanavyofanya wengine. Weka yenye ampea zilezile zilizoandikwa.

Ukizima, toa chaji kwenye kapasita kwa rezista ya 100Ω ya wati 2, shikilia sekunde mbili kila moja. Usitumie bisibisi, utachimba pini na kurusha cheche.

dada_desibeli

Hapo pa "nibadilishe halafu nione" ndipo hela za wanafunzi huishia. Mngurumo una aina zake, na kila aina ina mahali inapotoka.

Anza na sauti. Punguza kinobu cha volyumu hadi sifuri. Mngurumo ukipotea, unatoka kabla ya kinobu: waya wa AUX, soketi iliyolegea, au simu yako ikiwa kwenye chaja (chomoa chaja usikilize tena). Ukibaki vilevile, unatoka baada ya kinobu, na hapo mtuhumiwa wa kwanza ni upande wa pawa.

Kisha pima masafa. Kuna programu ya bure ya simu, phyphox, ya chuo cha RWTH Aachen huko Ujerumani. Fungua kipimo chake cha spektra ya sauti, weka simu karibu na wufa. Umeme wetu ni 50Hz, lakini daraja la daiodi hugeuza nusu mawimbi zote mbili, kwa hiyo kapasita hujazwa mara 100 kwa sekunde. Ukiona vilele kwenye 100, 200, 300, kapasita za kuchuja zimechoka. Ukiona 50 imetawala, tafuta graundi iliyokatika au waya wa sauti uliopita jirani na transfoma. Maikrofoni za simu hazisikii vizuri chini, kwa hiyo usishangae kilele cha 200 kikiwa kirefu kuliko cha 100. Hesabu nafasi kati ya vilele, urefu wake usikusumbue.

Sasa hesabu, maana wewe ni PCM. Volti 12 za AC ni za RMS (thamani faafu, si ya kilele). Kilele ni 12 × 1.414, yaani 17. Toa 0.7 ya daiodi moja (kwa transfoma ya 12-0-12 kila upande hupita daiodi moja tu), unabaki na kama 16.3 kila upande, chanya na hasi. Mtikisiko unaobaki juu ya hiyo DC ni takriban I ÷ (f × C). Kwa ampea 1, 100Hz na 2200µF unapata volti 4.5. Hiyo ni kapasita nzima! Ikikauka ikabaki na nusu ya uwezo wake, unakaribia 9, na muziki wowote wenye besi utakatika vichwa. Ukiweka 4700µF mtikisiko unashuka hadi 2.1. Ndiyo maana nashauri 4700µF 35V kama zinaingia kwenye nafasi, pima kwanza umbali wa miguu na urefu hadi kifuniko. Usiende 10,000. Daiodi za bodi hizi mara nyingi ni 1N4007 za ampea 1, na kila ukiwasha zitakuwa zinabeba mkupuo mkubwa.

kaka_waya

Kwenye kufunga hizo kapasita, watu wengi wanakosea upande hasi. Mstari uliochorwa kwenye ganda ni mguu hasi. Kapasita ya upande chanya, hasi yake inakwenda graundi. Kapasita ya upande hasi, chanya yake ndiyo inakwenda graundi. Ukizifunga zote zikitazama upande mmoja bila kuangalia bodi, moja itavimba na kupasuka, na harufu yake haitoki chumbani haraka.

Kuhusu TPA3116: ni chipu nzuri, inakubali volti 4.5 hadi 26, na chaja ya laptop ya 19V 3.42A inaitosha. Ila mwenzako hajakuambia mambo mawili. Kwanza, kichujio cha besi kiko kwenye bodi yako ya zamani. Bodi ya kawaida ya stereo itapeleka sauti yote kwenye wufa, na wufa itaimba kama redio iliyofunikwa blanketi. Utahitaji bodi ya 2.1 yenye kichujio chake. Pili, TPA3116 huendesha spika kwa miguu yote miwili, hakuna mguu ulio graundi. Soketi za RCA nyuma ya sabufa zina maganda yaliyogusana kwenye bati moja, kwa hiyo hasi za spika mbili zitaungana. Bodi yenye kinga itajizima kila ukiongeza sauti. Isiyo na kinga itaungua. Lazima ung'oe soketi uweke tamino za kutenganisha.

Kwa elfu ishirini na tano na mchana mmoja, rekebisha hiyo uliyonayo.

mtahiniwa_PCM

Asanteni sana. Nimefunga balbu, inafifia vizuri. Volyumu ikiwa sifuri mngurumo uko palepale, phyphox inaonyesha 100, 200 na 300. Kapasita moja kichwa kimeinuka kidogo. Je, naweza kuhakikisha kwa kupima mtikisiko na DT830 kwenye AC?

dada_desibeli

Hapana. Sehemu ndogo kabisa ya AC kwenye DT830 ni 200V, volti mbili huko ni kelele tu. Halafu upande wake wa AC hauzuii DC, kwa hiyo itakusomea namba kubwa isiyo na maana juu ya zile 16 za DC. Njia rahisi: umeme umezimwa, chaji imetolewa, lehemu kapasita mpya sambamba na ile iliyovimba, kisha washa. Mngurumo ukishuka, umepata jibu, ng'oa ya zamani. Badilisha zote mbili hata kama ya pili inaonekana nzima, zimekaa kwenye joto moja.

fundi_wa_kona

Spika ya kushoto usiisahau. Chomoa spika zote. Weka malitimita DC 20V, waya mwekundu usiwe kwenye tundu la 10A (huko ni shoti tupu). Mweusi kwenye graundi, mwekundu kwenye mguu wa 4 wa kila TDA2030A. Miguu: 1 na 2 ni ingizo, 3 ni hasi, 4 ni toleo, 5 ni chanya. Mguu wa 4 unatakiwa uwe karibu na sifuri.

mtahiniwa_PCM

Mguu wa 4: wufa 0.03, kulia 0.02, kushoto 15.1.

kaka_waya

Aisii ya kushoto imekufa, na huenda imeua spika. Volti 15 kwenye spika ya 4Ω ni karibu wati 56 za joto tupu kwenye koili. Pima spika yenyewe ohms: ya 4Ω nzima husoma kama 3.2 hadi 3.6. Ikisoma 1 pekee upande wa kushoto wa kioo cha malitimita bila kubadilika, koili imekatika.

Ukinunua TDA2030A, bandia ni nyingi. Epuka yenye maandishi yanayofutika kwa kidole chenye spiriti. Bati la aisii hii limeungana na mguu wa 3, yaani hasi. Kwa hiyo, kama hakuna kizuizi katikati, bati lako la kupozea lina volti kama −15, halitakiwi kugusa bati la nyuma la sabufa. Kama kulikuwa na karatasi ya mika (ya kuzuia umeme kati ya aisii na bati), irudishe pamoja na pasta ya joto. Angalia pia rezista ya 1Ω karibu na toleo: ikiwa nyeusi, aisii ilikuwa inatetema kwa masafa ya juu, badilisha hiyo na kapasita ya 100nF iliyo nayo.

mwl_fizikia

Ukiwa na bodi mkononi, tafuta rezista za 22kΩ na 680Ω kwenye kila aisii. Gawanya, ongeza 1, utapata kama 33. Ni ile op-amp isiyogeuza ya mada ya elektroniki, yenye misuli. Mtikisiko na kutoa chaji ni mada ya kapasita. Andika vipimo vyako kwenye daftari la fizikia kabla na baada, itakuwa marudio ya mtihani bila kukuongezea saa.

fundi_wa_kona

Utaratibu wa Jumamosi basi: kapasita zote mbili, washa kwa balbu, sikiliza wufa. Halafu aisii, washa kwa balbu bila spika, pima mguu wa 4. Ukiwa chini ya 0.1, unganisha spika mbovu ya redio kwanza, si ile nzuri. Ikiimba dakika kumi na bati likiwa vuguvugu tu, toa balbu. Bati likichoma kidole bila muziki, zima urudi hapa na namba.