Mzee ana madoa upande wa kulia tu, hii ni nini wadau?

Kijana_wa_Sakina: Wadau habari zenu. Mzee wangu ana sitini na kitu, ameendesha Hiace za Arusha Moshi miaka na miaka mpaka kastaafu. Sasa mkono wa kulia na shavu la kulia vimejaa madoa ya kahawia, bapa tu, hayaumi wala hayawashi, ila kushoto ni machache mno. Majirani wanasema eti ini limechoka, dada naye kila asubuhi anampaka limao. Yanatoka kweli haya?

Mangi_Machame: Ini wapi bana! Dereva huyo, dirisha lake liko kulia. Kioo cha dirisha kinazuia mionzi ya jua ya UVB, ile inayounguza ngozi, ila UVA, inayopenya ndani zaidi ya ngozi, nyingi inapita, na hawa wazee walivyozoea kutoa kiwiko nje ndo kabisa, jua linapiga miaka yote hiyo mpaka ngozi inaanza kurundika rangi sehemu moja moja. Weusi wetu unapunguza tu, hauzuii. Na Arusha mko kama mita 1,400 juu, kibaridi na mawingu vinawadanganya, mionzi iko palepale.

MamaJunior: Limao aache leo leo!! Ukipaka ukatoka juani linababua na kuacha weusi mbaya kuliko wa kwanza. Na msihamie kwenye mkorogo, zile krimu za zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku ila zinauzwa kimyakimya, kuna watu sura zimebaki na weusi wa bluubluu hautoki tena.

Mangi_Machame: Mpeleke hospitali ya KCMC pale Moshi, wana kituo kabisa cha ngozi, ndiko ilikoanza kutengenezwa losheni ya jua ya Kilisun ya wenzetu wenye ualbino. Doa linalokua, lenye kingo za ovyo au linalotoa damu msikae nalo. Mkague na nyayo na chini ya kucha, saratani ya melanoma kwa sisi weusi inapenda huko.

Kijana_wa_Sakina: Asanteni aisee, limao nimelipeleka kwenye supu. Losheni ya jua itayafuta?

MamaJunior: Haifuti, inazuia yasiongezeke. Achukue yenye SPF, yaani kipimo cha kinga ya jua, 30 kwenda juu, arudie kila masaa mawili, ila mzee wa Hiace atagoma tu huyo, mpe shati la mikono mirefu na kofia pana. Kufuta ni krimu za daktari, kuna na kuyagandisha kwa baridi kali hospitalini ila kwenye ngozi nyeusi inaweza kuacha mabaka meupe. Kwani mwenyewe kalalamika, au ni nyie?